Bento kwa mazao ya Mwanza: kufungasha chakula cha shule ambacho mtoto atakimaliza

Chakula cha shule kina sharti ambalo chakula cha mezani hakina: kitaliwa kimepoa, kwa mkono, na mtoto mwenye haraka ya kwenda kucheza. Ukilishika hilo, mambo mengi yanajiamua yenyewe. Ugali unatoka, maana ukipoa unakuwa mgumu. Mchuzi unatoka, maana utaishia kwenye madaftari. Sato mzima, hata akaangwe vizuri namna gani, anabaki nyumbani na miiba yake. Vinavyobaki ni vitu vidogo, vikavu, vyenye ladha hata vikiwa baridi, na hivyo ndivyo Wajapani wanavyojaza kwenye bento, yale makopo yao ya chakula yenye vyumba.

Mimi nafungasha makopo ya wanangu na ya watoto wa majirani wachache hapa Nyakato, ambao wazazi wao wananilipa kwa wiki. Vyote nitakavyovitaja vinapatikana kwenye masoko ya Kirumba na Mwaloni, au kwenye genge la mtaani kwako. Vile vikatio vya umbo la nyota na sungura vinavyouzwa mtandaoni ni vizuri, lakini kisu kikali na mfuniko wa chupa ya soda vinafanya kazi ileile.

Hatua ya 1: Kopo

Tafuta lenye mfuniko unaobana, wenye mpira pembeni, kisha mpe mtoto alifungue mwenyewe palepale dukani. Likimshinda, rudisha. Mtoto wa darasa la kwanza akishindwa kufungua mfuniko anaona aibu kumwita mwalimu, na wewe jioni utadhani hakupenda chakula.

Kwa ukubwa, lijaze maji na uyapime: nusu lita hadi mililita 600 zinamtosha mtoto wa madarasa ya mwanzo, na wa chekechea apate dogo zaidi. Kopo kubwa likijaa linamtisha mtoto, na lisipojaa vitu vinagongana njiani na kuvurugika vyote. Kama halina vyumba, tenga kwa vikombe vya keki, jani la saladi, au kipande cha jani la mgomba kilichopitishwa motoni kikalainika.

Hatua ya 2: Gawa nafasi kabla hujapika

Japani wana kipimo maarufu cha kopo: sehemu 3 za wanga, sehemu 1 ya samaki, nyama, yai au maharage, na sehemu 2 za mboga. Ni kipimo kizuri, ila kwa mtoto ambaye hajazoea, sehemu mbili za mboga ni kutafuta ugomvi. Anza na moja ya mboga na moja ya tunda, halafu ongeza mboga taratibu. Mimi huweka kitu kimoja tu kigeni kwa siku, tena kidogo. Vingine vyote viwe vitu anavyovijua.

Hatua ya 3: Wali wa matonge

Mchele wetu wa Magu au Kahama ni mzuri kwa pilau kwa sababu punje zinaachana. Hapa tunataka zishikane. Kwa vikombe 2 vya mchele, ongeza robo tatu ya kikombe cha maji juu ya yale unayotumia siku zote, na usikaushe sana. Wali utaelekea bokoboko, na ndio tunaoutaka. Epua, uponde kidogo kwa mwiko ungali wa moto, kisha subiri upoe kiasi cha kushikika.

Lowesha viganja kwa maji yenye chumvi kidogo, chota wali wa ukubwa wa limau, ukamue na kuuzungusha mpaka uso wake uwe laini. Usiufinye kama unafua nguo. Ukikaza mno, ndani unakuwa donge.

Watoto wa Mwanza, Jiji la Miamba, hawahitaji sungura wa wali. Tengeneza matonge matatu yasiyolingana, mawili chini na moja juu limeegemea upande, weka jani dogo la giligilani kwenye ufa, na hapo umepata Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa hapa ziwani. Siku ya kwanza watoto hulionyeshana darasa zima kabla ya kulila.

Katikati ya tonge unaweza kuficha kitu: kijiko cha choroko zilizokauka vizuri, au samaki aliyechambuliwa. Mtoto anayekataa choroko kwenye sahani huwa hagombi akizikuta humo.

Hatua ya 4: Katlesi za sangara na viazi lishe

Hiki ndicho kitu ninachokitegemea kuliko vyote. Vipimo hivi ni vya katlesi ndogo za ukubwa wa kidole gumba:

- minofu ya sangara nusu kilo
- viazi lishe vya rangi ya chungwa, vitatu vya wastani
- karoti 1 iliyokunwa, kitunguu maji 1 kilichokatwa vidogo sana
- yai 1
- chenga za mkate mkavu vijiko 3 vya mezani, na nyingine za kuviringishia
- tangawizi, limau, chumvi

Sangara nampendelea kwa sababu miiba yake ni mikubwa na inaonekana. Sato ana vile vyembamba vinavyojificha. Mtokose sangara kwa maji machache, limau na tangawizi, kwa moto mdogo, mpaka nyama ipoteze ule ung'avu na iachane yenyewe ukiigusa kwa uma. Mchuje, mwache apoe, halafu mchambue kwa vidole. Kwa vidole, si kwa uma, maana mwiba uliosalia unasikika mkononi kabla haujaonekana.

Viazi lishe vipike kwa mvuke vikiwa na maganda yake. Ukivichemsha vimemenywa vinanyonya maji, na katlesi zitafunguka kikaangoni. Vikiiva menya, ponda, vitandaze kwenye sinia mvuke utoke. Changanya kila kitu. Kama mchanganyiko unanata sana mkononi, ongeza chenga za mkate, usiongeze unga wa ngano. Unga ukipoa unaifanya katlesi kuwa kama mpira.

Finyanga vidogo vya kumalizwa kwa kung'ata mara mbili. Katlesi kubwa ya kiganja inaumwa mara moja halafu inarudi nyumbani na alama ya meno. Viringisha kwenye chenga, kaanga kwa mafuta kidogo dakika 3 kila upande, ziegeshe kwenye chujio au wavu zisikae juu ya mafuta yake. Rangi ya chungwa ya kiazi ndiyo inayoleta vitamini A, na yale mafuta kidogo ya kukaangia yanasaidia mwili kuichukua. Ambazo hazijakaangwa zinakaa kwenye friza hadi mwezi.

Hatua ya 5: Dagaa

Mwaloni uliza dagaa waliokaushwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini wana mchanga, na mchanga mmoja tu kwenye jino unatosha mtoto akatae dagaa muhula mzima. Toa vichwa, osha haraka kwa maji ya moto, kausha kwa kitambaa, halafu waweke kikaangoni na mafuta ya kijiko kimoja. Moto mdogo. Geuza mpaka wavunjike kwa sauti. Limau na chumvi mwishoni.

Kwa mtoto asiyetaka kuona umbo la samaki, wakaushe bila mafuta, wasage pamoja na ufuta uliokaangwa na chumvi kidogo. Wajapani wana kitu cha namna hii cha kunyunyizia wali, wanakiita furikake. Kijiko cha chai juu ya tonge kinatosha. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo kalisi yote unampa bila kumwambia.

Hatua ya 6: Mboga na tunda

Mchicha wa kukaanga hauendi shuleni; unatoa maji na kuchafua wali. Ukate vidogo, uchanganye na mayai 2, kaanga chapati nyembamba ya yai, izungushe ingali ya moto kama mkeka, iache ipoe, halafu ikate vipande vya upana wa kidole. Ndani kunaonekana duara la kijani na njano. Hakikisha yai limeiva kabisa, lisibaki na ute.

Mtumbwi ni rahisi. Kata tango kwa urefu, kwangua mbegu, kausha ndani kwa kitambaa, panga dagaa wawili watatu humo kama wavuvi. Tanga ni pembetatu ya chapati kwenye kijiti cha meno kilichokatwa ncha. Kwa chekechea acha kijiti kabisa. Na kwa walio chini ya miaka mitano usiweke karanga nzima, na nyanya ndogo zikate mara nne kwa urefu, kwa sababu ya kupaliwa. Karanga za aina yoyote, hata zilizosagwa, ziulizie kwanza kwa mwalimu. Huenda jirani wa dawati zinamdhuru.

Tunda: chungwa la Ukerewe lililokatwa vipande kisha likarudishiwa umbo lake na kufungwa kwa uzi, au embe la kukatwa miraba ndani ya ganda lake. Chungwa linasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya kwenye mchicha na choroko. Chai inafanya kinyume, kwa hiyo chupani weka maji. Parachichi lipakwe limau la sivyo litakuwa jeusi. Ndizi mbivu iende na ganda lake, nje ya kopo.

Hatua ya 7: Poza, halafu funga

Hapa usifanye haraka hata gari la shule likipiga honi. Chakula cha moto kikifungiwa, mvuke unageuka maji, na uvuguvugu unabaki humo. Vijidudu huzaliana vizuri kati ya nyuzi 5 na 60, na wali una mbegu za bakteria ambazo haziuawi na kuchemka. Tandaza kila kitu kwenye sinia, pepea, na funga vikiwa baridi kabisa. Wali wa jana ulale kwenye friji, siyo mezani, na uupashe mpaka utoe mvuke kabla ya kuupoza tena.

Gandisha chupa ndogo ya maji au juisi ya ukwaju usiku, ifunge kwa kitambaa, ilale juu ya kopo ndani ya mfuko. Inapofika mapumziko imeyeyuka na mtoto anainywa baridi.

Umeme ukikatika usiku, achana na samaki na wali. Fungasha matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), dagaa wakavu, yai lililochemshwa asubuhi hiyo likiwa na ganda lake, na chungwa zima. Matobolwa yakate vipande vidogo, maana yanachosha taya.

Jioni

Fungua kopo mtoto akiwepo na uulize swali moja tu: "Hiki kilikuwaje?" Akisema "kilikuwa kimelowa", tatizo ni lako la kupoza. Akisema "sikupata muda", punguza idadi ya vitu. Akisema rafiki yake amekula, ongeza katlesi mbili kesho.

Ule mpira wa mfuniko utoe kila siku, uoshe kwa maji ya moto na sabuni, uanike peke yake. Harufu ya dagaa hujificha hapo. Ikigoma, sugua kwa kipande cha limau na uache kopo wazi usiku kucha.