Kabla padri hajafika kwa mgonjwa: mambo ya kuandaa

Simu nyingi za kuomba Mpako wa Wagonjwa, sakramenti ya Kanisa Katoliki ambayo padri humpaka mgonjwa mafuta na kumwombea, hupigwa usiku wa manane, mgonjwa akiwa ameshakata kauli. Familia imehangaika wiki nzima na vipimo, dawa na michango, na hakuna aliyesahau kwamba kuna parokia. Waliogopa tu. Wanahofu kwamba mzee akimwona padri mlangoni atajua amekatiwa tamaa, basi wanasubiri mpaka asiweze kumwona mtu yeyote.

Gharama ya kusubiri ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu padri hafiki na mafuta peke yake. Kwa kawaida huja na sakramenti tatu: Kitubio (kuungama dhambi), Mpako na Komunyo (kupokea Mwili wa Kristo). Mpako mtu anaweza kuupokea hata akiwa hajitambui, ikiwa alipokuwa na fahamu zake angeutaka. Lakini kuungama kunahitaji aweze walau kusema au kuitikia kwa ishara, na Komunyo inahitaji aweze kumeza. Ukimwita padri mgonjwa akiwa wa kukoroma tu, umemwachia moja kati ya tatu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua wakati. Kanuni ya 1004 ya Sheria ya Kanisa inasema Mpako hupewa mwamini aliyefikia umri wa kutumia akili ambaye ameanza kuwa hatarini kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Neno la kushika ni "ameanza". Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulishasema hivyo mwaka 1963: sakramenti hii si ya wanaokata roho pekee. Mwenye kansa, mwenye moyo au figo zinazogoma, anayeingia upasuaji kwa sababu ya ugonjwa mkubwa, na bibi ambaye hana ugonjwa wenye jina lakini nguvu zimemwishia, wote wanastahili. Wa upasuaji apakwe kabla hajaingia hospitali ikiwezekana, maana saa za kuona wagonjwa wodini hazimsubiri padri. Mafua na maumivu ya goti la kawaida hayamo, ingawa kila Februari 11, Siku ya Wagonjwa Duniani, foleni ya kupakwa huwa na vijana wenye afya ya kubeba magunia. Mtoto mgonjwa sana ambaye hamna hakika kama ameshajua jema na baya, mwiteni padri; sheria inasema penye shaka apewe.

Njia ya kawaida ya kumpata padri ni kupitia mwenyekiti wa jumuiya (kikundi cha waamini majirani), kisha katekista wa kigango (tawi la parokia), kisha paroko, padri mkuu wa parokia. Ni utaratibu mzuri kwa mgonjwa wa siku zote. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, ruka ngazi, piga ofisi ya parokia moja kwa moja na mwenyekiti ataelewa. Paroko akiwa safarini, padri yeyote anaweza kumpaka mgonjwa, hata yule aliyekuja likizo kwa mama yake kijiji cha pili. Shemasi hawezi, katekista na sista hawawezi, ingawa wenye ruhusa wanaweza kumletea mgonjwa Komunyo.

Mkimpata kwenye simu, msiishie kusema "Baba, tuna mgonjwa." Mwambieni kama anaongea, kama anameza, kama ana kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa kuambukiza (padri anaweza kutumia kifaa kama kijiti chenye pamba badala ya kidole), na kijana gani atamsubiri kituo gani cha bodaboda. Nyumba nyingi za uswahilini hazina namba inayoonekana, na padri aliyepotea vichochoroni usiku ni dakika ambazo hamtazirudisha.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulificha mpaka padri anakaa kitini: ndoa. Mgonjwa ameishi na mama watoto miaka ishirini bila ndoa ya Kanisa, na wote wanaamini kwamba kwa sababu hiyo padri atageuza pikipiki. Hapana. Lisemeni mapema, kwenye simu hiyohiyo, kwa sababu panapokuwa na hatari ya kifo sheria hulegeza mengi. Kanuni ya 1079 inaruhusu vizuizi vingi vya sheria ya Kanisa kuondolewa palepale, hata mwenzi akiwa si Mkristo. Vyeti visipopatikana, kwa kawaida kiapo cha wahusika kwamba wamebatizwa na hawana kizuizi kinatosha. Mashahidi wawili hamtawakosa, jumuiya imejaa ukumbini. Kinachohitajika ni wote wawili waitake ndoa hiyo kwa hiari na waweze kuikubali, ndiyo sababu tena ya kuwahi. Ikiwa mmoja ana mke au mume mwingine wa ndoa halali aliye hai, hilo halifutwi kitandani. Hata hivyo padri aitwe, azungumze na mgonjwa faraghani. Na mashangazi wanaosema mahari haijaisha waambiwe kwa upole kwamba hilo ni deni la ukoo kwa ukoo. Kwa sheria ya Kanisa si kizuizi.

Chumba hakihitaji mapambo. Meza ndogo au stuli iliyofutwa vumbi, kitambaa cheupe, msalaba, mishumaa miwili na maji ya baraka kama yapo. Pembeni weka glasi ya maji safi na kijiko, pamba au tishu za kufutia mafuta, na sabuni ya padri kunawa. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, mishumaa isiwashwe kabisa. Nalisema kwa mkazo kwa sababu wapo wacha Mungu wanaoona mshumaa ni lazima. Si lazima, na oksijeni na moto havikai chumba kimoja. Zima televisheni, washa taa ya kutosha padri asome kitabu chake.

Mgonjwa mwenyewe mnawisheni uso na mikono, kwa sababu hapo ndipo atakapopakwa: paji la uso, kisha viganja. Kama mkono mmoja una dripu na bandeji, mwonyesheni padri mapema asihangaike. Mfunulieni kilemba au kofia. Hali ikiwa mbaya, mpako mmoja wa paji la uso unatosha, basi msilazimishe kumgeuza mtu mwenye maumivu ili mikono ionekane.

Kuhusu kula: mgonjwa hafungi ile saa moja kabla ya Komunyo, na anayemhudumia hafungi pia. Uji apewe kama kawaida. Asiyeweza kumeza hostia (mkate wa Komunyo) nzima hupewa kipande kidogo sana, kikifuatwa na kijiko cha maji. Asiyemeza kabisa kitu kigumu anaweza kupewa Damu ya Kristo kwa umbo la divai, lakini hilo padri lazima alijue kabla hajatoka parokiani. Mgonjwa akiitema hostia baada ya padri kuondoka, msiitupe: iwekeni kwenye glasi safi ya maji, ifunikeni, mpigieni padri.

Padri akisema anataka kubaki na mgonjwa, tokeni wote, hata binti anayemuuguza, hata mume. Mzee mwenye masikio mazito huungama kwa sauti, kwa hiyo ukuta wa bati hautoshi; sogeeni hadi uani. Mkiitwa kurudi, ingieni na mjibu "Amina" kwa sauti kila anapopakwa, kwani mara nyingi yeye hana nguvu ya kujibu. Ndugu Waislamu au Walokole waliopo wakae, hakuna anayewafukuza.

Bei haipo. Mkitoa sadaka au mafuta ya pikipiki, ni vyema. Msipokuwa nacho, mgonjwa asikose padri kwa sababu hiyo.

Mgonjwa akifariki kabla padri hajafika, msimdanganye padri saa ya kifo. Penye shaka kama roho imetoka, padri anaruhusiwa kumpaka. Ikiwa ni wazi amekufa, hatampaka, atamwombea marehemu na kukaa nanyi.

Na wapo wanaopona. Kupakwa hakumzuii mtu kurudi kliniki, wala dawa zisiachwe. Akiugua tena, au ugonjwa uleule ukizidi, anapakwa tena. Hakuna hesabu ya mara ngapi.