Somo: kukusanya maili za ndege kwa kredit kadi bila kuliwa na riba

Haya jamani, mnaoniulizia tiketi za maili kila tukikutana hapa Ngamiani, Tanga, leo naandika mara moja yaishe. Maili ni pointi za shirika la ndege, unazipata ukipanda ndege zao au ukihamisha pointi za kredit kadi, zikitosha unabadilisha kwa tiketi. Kadi ya ATM inatoa hela yako, kredit kadi inatoa hela ya benki na benki inaitaka, so kama tarehe 20 huwa ushaanza kukopakopa hili somo lisome tu ujifurahishe.

HATUA 1
Jiunge na shirika la ndege kwanza, ni bure hata kama kadi huna. Ethiopian wana ShebaMiles, Emirates wana Skywards, Qatar wanatoa Avios, ndo maili zao. Jina liwe kama lilivyo kwenye paspoti, paspoti ikisema Mwanaidi we ukaandika Mwana Iddi utasumbuka. Kuna watu wanafuata mzigo Guangzhou kupitia Addis na kurudi, namba ya ShebaMiles hawana, maili zinapotea hivihivi inauma kweli.

HATUA 2
Kadi yenyewe. Benki itataka mshahara wako upite kwao, au uweke amana iwe dhamana. Uliza ada ya mwaka, riba ya mwezi, na pointi unazopata ukilipia kwa kadi zinahamia kuwa maili za shirika gani. Ukiona anazungukazunguka, aga uondoke.

HATUA 3
Hapa ndo penyewe. Lipa deni LOTE kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa, sio kile kiasi cha chini wanachokuandikia kwenye stetimenti, kile ni chambo. Piga hesabu, tuseme pointi zina thamani ya asilimia 1 ya matumizi na riba ni asilimia 3 kwa mwezi, umetumia 500,000 umepata pointi za 5,000, ukichelewesha mwezi mmoja tu riba 15,000. Hapo nani kampa mwenzie zawadi?

HATUA 4
Usitoe keshi ATM kwa kredit kadi, riba kwa kawaida inaanza siku hiyohiyo na ada juu. Dukani wakikwambia "kwa kadi ongeza asilimia 3" we toa keshi. Ukiwa nje mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa hela ya kule, chagua ya kule, ile ya shilingi wanakupiga kwenye kubadilisha.

MASWALI

Dada wa Chumbageni: mi matumizi yangu yote soko la Mgandini, pointi ntapataje?
Hupati dada angu, Mgandini ni keshi na simu. Kadi ni ya tiketi, hoteli, supamaketi, sheli yenye mashine. Na usije ukanunua friji ya pili kisa pointi.

Kaka wa Kange: tiketi ya maili ni bure kabisa?
Sio kabisa, kodi na tozo unalipa mwenyewe na zinaweza kuwa nene. Afu maili zinakufa, za Skywards miaka 3, kwa hiyo usizitunze kama dhahabu ya bibi.

Mama wa Raskazone: nataka kwenda Umra, hii riba si haramu?
Shikamoo mama. Hata ukilipa deni lote kwa wakati, kipengele cha riba kipo kwenye mkataba ulosaini, hilo kamuulize shehe wako mi sina fatwa. Ila maili za kupanda ndege hazihitaji kadi, fanya hatua ya 1, namba waitie kwenye buking ya Jeddah, na boding pasi usiitupe mpaka uone zimeingia.