Jinsi ya kuweka kumbukumbu za hitilafu kwenye kituo cha kujazia haidrojeni

"Oringi imebadilishwa." Maneno hayo mawili kwenye daftari la matengenezo hayamsaidii mtu. Oringi (pete ya mpira inayozuia gesi kuvuja) ya kifaa kipi? Ilivuja, au muda wake ulifika tu? Haidrojeni haitaki kubahatisha: inashika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na mwali wake mchana hauonekani kwa urahisi.

Kwanza kipe kila kifaa namba: kompresa, matangi, vali, mtambo wa kupoozea, mpira wa kujazia, nozeli (mdomo unaochomekwa kwenye gari). Halafu weka mipaka. Kiungo cha mpira na nozeli kihesabiwe upande gani? Amueni mara moja na mafundi wote wafuate, la sivyo uvujaji mmoja utaandikwa mara mbili au usiandikwe kabisa.

Hitilafu ikitokea, jaza siku hiyohiyo: saa, namba ya kifaa, kimetumika kiasi gani tangu kifungwe, shinikizo na joto la gesi, nani au nini kiligundua (sensa, povu la sabuni, sikio), gesi iliwaka au la. Kilichoonekana kiandikwe mbali na chanzo, maana chanzo mara nyingi hujulikana baada ya kufungua kifaa.

Hapa wengi hukosea: wanahesabu hitilafu bila kuhesabu matumizi. Mpira hupitisha gesi yenye shinikizo la baa 700 iliyopoozwa hadi karibu nyuzi -40, kisha hurudi kwenye joto la kawaida, gari baada ya gari. Kwa hiyo uhesabie ujazaji, si miezi. Kompresa ihesabie saa za kazi na mara ilizowashwa. Mipira 10 ikijaza mara 12,000 kwa jumla na kuvuja mara 4, ni uvujaji 1 kwa kila ujazaji 3,000. Isipovuja hata mara moja, usiandike kiwango ni sifuri. Gawa 3 (namba hii haibadiliki) kwa idadi ya ujazaji, yaani 12,000: una uhakika wa asilimia 95 kwamba hakizidi 1 kwa 4,000.

Andika pia ukazaji wa bolti na aliyeukagua. Mlipuko wa Kjørbo, Norwei, Juni 2019, ulitokana na bolti za kizibo cha tangi ambazo hazikukazwa ipasavyo. Kengele za uongo nazo ziingie, kwani wahudumu wakizizoea watapuuza ya kweli.

Oringi iliyoharibika usiitupe. Ipige picha kabla ya kuifuta, uitie kwenye mfuko wenye namba ya tukio. Malengelenge juu yake huonyesha shinikizo lilishushwa haraka mno. Mkato mkali huonyesha ilijeruhiwa wakati wa kufungwa.