Kufufua 386: kadi badala ya diski, na anwani zinazogombana

Kabla ya kuiwasha kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 386, tafuta betri ya pipa ya volti 3.6 iliyolehemiwa kwenye bodi. Nyingi zimeshavuja. Ing'oe, sugua ukijani kwa mswaki na siki, suuza kwa spiriti, kisha pima kwa mita njia zinazoelekea kwenye chipu ya kibodi, maana mara nyingi iko jirani. Mashine iliyotoka Marekani huenda swichi ya pawa saplai bado iko 115. Umeme wa Nairobi ni volti 240: isogeze hadi 230. Plagi za P8 na P9, zinazopeleka umeme kwenye bodi, zikae nyaya nyeusi zikikutana katikati. Ukizigeuza unaichoma bodi.

Diski ya miaka thelathini usiitegemee. Chukua kadi ya CompactFlash ya kamera za zamani na adapta ya IDE (njia ya kuunganishia diski) ya pini 40. Anza kuulizia Luthuli Avenue, Nairobi. Adapta ni nyaya tu, kwa kuwa kadi yenyewe inaijua IDE. Weka jampa kwenye masta (diski ya kwanza) na uipe volti 5. Kwenye BIOS (programu ya bodi inayoanzisha mashine) chagua aina ya 47, ujaze silinda, vichwa na sekta za kadi mwenyewe. Mwisho wa BIOS hiyo ni sekta 1024 × 16 × 63 za baiti 512, yaani MB 504. Kadi iliyotoka kwenye kamera hugoma kuwasha mashine hata baada ya amri ya DOS ya FORMAT C: /S; andika FDISK /MBR, inayoandika upya msimbo wa kuwashia, na uhakikishe kizigeu kimewekwa kuwa hai.

Ukitaka kadi kubwa zaidi, choma XTIDE Universal BIOS (BIOS ya ziada ya diski) kwenye ROM (chipu ya kuhifadhia programu) ya KB 8, uichomeke katika soketi ya kadi ya mtandao ya ISA (aina ya kadi za bodi hizi), kwenye anwani ya kumbukumbu D000. Hapo ndipo ugomvi huanzia.

Juu ya KB 640 za kumbukumbu ya kawaida ya DOS, VGA (kadi ya skrini) inashika A000 hadi BFFF, ROM yake C000 hadi C7FF, na BIOS ya bodi F000 hadi FFFF. Katikati zinabaki KB 160, na EMM386, programu ya DOS ya kusimamia kumbukumbu, huzitamani zote kwa ajili ya draiva. Ikifunika D000, msimbo unaosoma diski unapotea na mashine inaganda papo hapo. Watu hulaumu kadi bure. Andika hivi katika CONFIG.SYS:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-D3FF
DOS=HIGH,UMB

KB 8 ni D000 hadi D1FF tu, lakini kadi nyingine za mtandao hushika dirisha la KB 16 hata ROM ikiwa ndogo. Ndiyo maana ya D3FF.

Draiva za kipanya na CD zipakie huko juu kwa LH na DEVICEHIGH, kisha soma MEM /C uone zilipokaa. I=B000-B7FF kwenye mstari wa EMM386 inaongeza KB 32, ila skrini ikianza kuchafuka, iondoe. Mashine ikiganda tena, kwenye DOS 6 bonyeza F5 inapoanza kuwaka, uingie bila CONFIG.SYS na urekebishe.