Karabini ya mti inapoteza shabaha kisha kuifungula? Anzia ku visi, luneti (darubini ya kulengea) uiache kwanza

Bandugu benye kuwinda huku Lubumbashi, hii shida inarudia kila mvua ikianza: mutu anafungula karabini asafishe, anairudisha vizuri, akienda kujaribu masasi inapotea. Mbio mbio anashika luneti anazungusha. Acha, juu kama chuma (mtutu na mashini yake) haikae vizuri ndani ya mti (mbao yenye kuibeba, na kitako chake) utamaliza masasi bure na hautajua shida iko wapi.

Pika kwanza masasi tatu ao tano ku karatasi, metre 100, mahali penye ruhusa, mtutu upoe kila mara, na risasi ya kwanza kisha kusafisha usiihesabu juu mafuta ingali ndani. Matundu yakiwa pamoja lakini yamehama, bunduki iko mzima, rekebisha luneti na imeisha. Yakisambaa ao yakifanya mafungu mbili, kaza visi za luneti zenye kulegea, na kama haibadilike, shida njo iko kati ya chuma na mti.

Toa masasi yote, toa kulasi (kile chuma cha kufungia nyuma ya mtutu), angalia chemba, pale risasi inaingia, kwa macho yako. Legeza visi za chini, zenye kushika chuma ku mti. Karibu na mtutu, chini ya chuma, kuko jino nene lenye kusukuma mti wakati bunduki inapika, na lile jino lazima liegemee mti kwa nyuma. Wengi banarudisha chuma paka vile imeangukia, nafasi kidogo inabakia, basi kila risasi chuma inatembea. Simamisha bunduki mtutu juu, gonga kitako pole pole chini chuma ishuke yenyewe, kisha kaza visi ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, kidogo kidogo kwa zamu. Kama mti hauna nguzo za chuma ndani, pale visi zinapita, newton-metre 4 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza) inatosha, nguvu zaidi inaponda mti. Kukiwa visi ya katikati, iguse tu, usiikaze, inapinda chuma.

Kwa zile za mfumo wa Mauser 98 (bunduki ya Ujerumani), na FN za Ubelgiji zimo, angalia tena sanduku la masasi: lazima licheze kidogo. Likibanwa juu na chini, visi zitaonekana zimekaza kumbe zinabana sanduku, chuma inaelea.

Weka kidole pale mtutu unakutana na ncha ya mti, legeza na kaza visi ya mbele. Ukisikia mtutu unaruka, chuma inapindishwa. Pitisha noti ya pesa chini ya mtutu: ikikwama upande moja, mti umevimba, na huku kwetu kati ya mwezi wa 11 na wa 3 ni jambo la kawaida sana. Alama yake ni kwamba mtutu baridi unapika vizuri, ukipata moto masasi inahamia upande. Lakini usikimbilie msasa! Kuko karabini zenye kiwanda kiliacha mti ukandamize mtutu pale ku ncha makusudi, ukisugua pale unaiharibu.

Badilisha kitu kimoja tu, pika tena, ndipo ubadilishe kingine. Ikikataa, peleka kwa fundi wa bunduki atie rezini (gundi yenye kukauka ngumu) kati ya chuma na mti, na umwambie jino liguse nyuma tu: mbele, pembeni na chini aache nafasi.