Repo yako imefungwa GitHub kwa DMCA? Hivi ndo unavyoomba irudishwe

Kama umefungua repo yako (ghala la msimbo wa mradi) GitHub, jukwaa la kuhifadhi msimbo wa programu, ukakuta msimbo haupo na badala yake kuna tangazo kwamba imezuiwa kwa sababu ya DMCA, nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote: usifute chochote, wala usikimbilie kuipandisha upya kwa akaunti nyingine. Najua mkono unawasha. Youtube-dl, programu ya kushusha video za YouTube, ilipofungwa Oktoba 2020 watu kibao walipandisha kopi zao kwa hasira, GitHub ikawaonya kwamba akaunti zao zinaweza kufungwa, na ukishafungiwa akaunti hata hii njia ya kuomba ninayotaka kukuelekeza inakuwa ngumu.

DMCA ni sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1998. Inatugusa sisi tulioko Dar, Mombasa au Bujumbura kwa sababu GitHub ni kampuni ya Marekani, na kifungu cha 512 kinamwambia mwenye jukwaa hivi: ukiletewa notisi iliyokamilika ondoa hicho kitu haraka, na wewe hutawajibishwa kwa kosa la mteja wako. Ndo maana wanaondoa kwanza, maswali baadaye. Hakuna jaji aliyekaa akasikiliza. Watu wakiona neno sheria wanadhani wameshahukumiwa, wanafuta mradi wa miaka mitatu usiku huohuo, kumbe kilichokuja ni barua ya mtu anayedai, na sheria ileile imekupa wewe haki ya kujibu. Jibu lenyewe tuliite notisi ya kupinga. Halina ada na si lazima uwe na wakili.

HATUA YA KWANZA, soma notisi yenyewe

Imeili ya GitHub inakupa linki ya notisi, na notisi zote wanazianika hadharani kwenye repo yao inayoitwa github/dmca, kwa hiyo hata mtu wa pembeni anaweza kuisoma. Soma neno kwa neno. Nani analalamika? Anasema kazi gani ni yake? Anataja faili zipi? Anataka repo nzima ifungwe au faili mbili tu zitoke?

Alafu angalia ni lalamiko la aina gani maana hapa ndo wengi wanapotea. Kama anadai umenakili msimbo au picha zake hiyo ni hakimiliki, na notisi ya kupinga imetengenezwa kwa ajili ya hiyo. Kama anagombania jina au nembo, hiyo ni alama ya biashara, haiendi kwa DMCA, ina utaratibu wake, waambie GitHub hivyohivyo. Aina ya tatu ni ile ya kifungu cha 1201, yaani anasema programu yako inavunja kufuli la kidijitali, na hii ina mwendo wake peke yake.

Mfano wake ndo hiyo youtube-dl. Tarehe 23 Oktoba 2020 RIAA, chama cha makampuni ya muziki Marekani, walitaka ifungwe pamoja na forki 17, yaani nakala za repo hiyo walizojitengenezea watu wengine. Hawakusema msimbo umeibwa kwao, walisema programu inavunja kinga ya YouTube, na wakaonyesha kwamba ndani ya msimbo, kwenye mifano ya majaribio, kulikuwa na linki za nyimbo za Taylor Swift, Justin Timberlake na Icona Pop. Wanasheria wa EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali, wakajibu kwa barua inayoeleza kiufundi kwamba programu inasoma kile ambacho brauza yoyote inapewa na hamna kufuli lililovunjwa, wenye mradi nao wakazitoa zile linki, na tarehe 16 Novemba ikarudi. Siku hiyo GitHub ikatangaza kutenga dola milioni 1 kuwatetea madevelopa, na kwamba malalamiko ya 1201 yatapitiwa na mainjinia na wanasheria kabla ya kufunga. Kwa hiyo ukipigwa na 1201 silaha yako ni maelezo: programu inafanya nini, inasoma nini, inatumika kwa kazi gani halali. Na kapitie README (faili la maelezo ya mradi) na majaribio yako leo, kama mfano wako wa kwanza ni kushusha wimbo wa msanii anayeuza muziki, badilisha weka video yako mwenyewe.

HATUA YA PILI, jiulize kama ana haki

Hapa usijidanganye. Umekopi-pesti faili kutoka mahali? Ulichukua maktaba (msimbo ulio tayari) yenye leseni ya MIT, moja ya leseni za programu huria, ukafuta mstari wa hakimiliki wa mwenyewe? Programu huria siyo shamba lisilo na mwenyewe, leseni ndo ruhusa, na ukivunja masharti yake ruhusa inakuwa imekatika. Kumbuka pia waliokuchangia, maana mchangiaji anabaki na hakimiliki ya mistari yake kama hajaisaini kwako. Mradi wa Bukkit, ule wa seva za Minecraft, ulisimama Septemba 2014 kwa notisi iliyotoka kwa mchangiaji wake mwenyewe, alidai msimbo wake uko chini ya leseni ya GPL, inayotaka msimbo ubaki wazi, na hauwezi kuchanganywa na msimbo uliofungwa wa Minecraft.

Kama kosa ni lako na linahusu sehemu tu ya repo, GitHub kwa kawaida inakupa kama siku moja ya kazi urekebishe kabla hawajafunga. Siku moja tu, na San Francisco, waliko GitHub, tunawatangulia saa 9 mpaka 11 kutegemea na ulipo na msimu, kwa hiyo imeili waliyoituma mchana wao wewe unaipata usiku umelala. Rekebisha, alafu WAJULISHE kwamba umerekebisha, watu wanarekebisha wanakaa kimya wanashangaa wamefungwa. Ukichelewa bado unaweza kuwaandikia wakufungulie upate nafasi ya kurekebisha.

Na kufuta faili kwenye kamiti mpya (mabadiliko unayohifadhi kwenye git, programu inayotunza historia ya msimbo) haitoshi, faili bado lipo kwenye historia. Tumia git filter-repo kulisafisha kote, pushi kwa nguvu, waombe GitHub wasafishe na kopi zilizobaki kwao. Leseni ikiwa ndo tatizo, rudisha lile faili la LICENSE na jina la mwenye kazi. Kosa likiwa lako usijaze notisi ya kupinga, kile ni kiapo.

HATUA YA TATU, kusanya ushahidi

Hapa nakusimulia yangu. Nina maktaba ndogo ya Python inayogeuza tarakimu za pesa kuwa maneno ya Kiswahili kwa ajili ya stakabadhi na hundi, unaipa 12,300 inakuandikia elfu kumi na mbili na mia tatu. Kampuni moja waliichukua wakaiweka kwenye mfumo wao, leseni wakaiacha nje, miaka imepita wakaajiri watu wa kutafuta nani kawaibia, nao wakanikuta mimi. Notisi ikaja kwamba nimenakili mali yao. Nilikaa na simu mkononi hadi adhuhuri sijui nianzie wapi, kazi niliyoianza kabla mwanangu hajazaliwa leo inaitwa ya wizi.

Notisi ilikuwa na linki ya kifurushi chao. Nikakishusha, nikafungua faili, nikashuka mpaka mstari wa 41, na pale pale nikakuta maoni yameandikwa "anagalia sifuri hapa". Anagalia. Nilikosea kuandika angalia kwenye kamiti zangu za mwanzo kabisa, sikuwahi kurekebisha, na wao walilibeba kosa pamoja na msimbo. Nikapiga skrinishoti zote mbili, yangu na yao, tarehe zikionekana.

Ila usitegemee tarehe za kamiti peke yake, maana git inakubali tarehe yoyote utakayoiandikia. Tafuta tarehe iliyowekwa na mtu mwingine: PyPI, ghala la vifurushi vya Python, inaonyesha siku kila toleo lilipopandishwa, Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, inaweza kuwa na ukurasa wako, Software Heritage wanahifadhi repo za wazi. Cheti cha COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania) au KECOBO (ya Kenya) ukiwa nacho kinasaidia, lakini notisi ya kupinga haikidai, hakimiliki inaanza pale unapoandika.

HATUA YA NNE, jaza notisi ya kupinga

Fomu ipo kwenye kurasa za msaada za GitHub na inajazwa kwa Kiingereza. Utaweka linki za kilichofungwa, kila moja, na maelezo mafupi kwa nini ni makosa. Fupi kweli, yangu ilikuwa sentensi sita: hii ni kazi yangu, ilitoka PyPI tarehe fulani, kifurushi chao kimetoka baadaye, kosa la tahajia lipo kwa wote wawili, leseni yangu ni hii, ushahidi huu hapa. Matusi na hasira acha nyumbani, inasomwa na mlalamikaji na inaweza kusomwa na jaji. Alafu jina lako kamili, anwani, simu, na sahihi, kuandika jina lako kamili inakubalika kama sahihi.

Kuna kauli mbili za kisheria ambazo unazinakili kama zilivyo, na ninataka uzielewe kabla hujazibandika.

Ya kwanza, unaapa, na ukidanganya unaingia kwenye kosa la kiapo cha uongo, kwamba unaamini kwa nia njema kazi yako iliondolewa kwa makosa au kwa kufananishwa na nyingine. Linganisha na mlalamikaji: yeye kiapo cha namna hiyo anakiapa kwenye kitu kimoja tu, kwamba ana mamlaka ya kumwakilisha mwenye haki. Kwamba wewe umemkosea inatosha aseme anaamini hivyo kwa nia njema. Mzani umeegemea upande mmoja na mimi inaniuma kila nikiisoma. Kilichopo upande wetu ni kifungu cha 512(f), mtu akidanganya kwa makusudi kwenye notisi anaweza kulipishwa, na ilishatokea, kampuni ya Diebold ya mashine za kupigia kura ilishindwa mahakamani 2004 ikalipa dola 125,000 baada ya kutumia notisi kuzima imeili zake zilizovuja.

Ya pili, unakubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani. Ukiwa nje ya Marekani, kwa GitHub inamaanisha mahakama ya Kaskazini mwa California, na unakubali kupokea hati za kesi kutoka kwa mlalamikaji. Soma hiyo tena. Umekaa zako Temeke unakubali kushtakiwa San Francisco. Kwa kesi ndogo kama yangu uwezekano ni mdogo, lakini siyo hadithi: waliotengeneza re3, msimbo uliochambuliwa upya wa michezo ya Grand Theft Auto III na Vice City, waliondolewa na Take-Two, kampuni yenye michezo hiyo, Februari 2021, wakapinga, repo zikarudi, na Septemba mwaka huohuo Take-Two ikawafungulia kesi palepale California. Kwa hiyo kama umechambua programu ya kampuni kubwa ukaiandika upya, kabla ya kusaini ongea na wakili au waandikie EFF. Kama ni kazi yako mwenyewe ya asubuhi na jioni na ushahidi unao, saini, usiwaachie.

Jambo la anwani: kwenye kopi ya hadharani GitHub wanaficha taarifa zako binafsi, lakini mlalamikaji anapelekewa notisi nzima, anwani na simu vikiwemo. Kama una sababu ya kuogopa huyo mtu kujua unapokaa, mpe wakili akuwakilishe.

HATUA YA TANO, subiri

Wakishapokea wanampelekea mlalamikaji, na saa inaanza kuhesabu. Kisheria kazi yako inarudishwa si chini ya siku 10 na si zaidi ya siku 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji awajulishe kwamba amefungua kesi. Siku za kazi, Jumamosi na Jumapili hazimo, kwa hiyo piga hesabu ya wiki mbili mpaka tatu. Muda huo msimbo wako unao kwenye kompyuta, endelea na kazi. Issue (maswali na hoja za watu) na pull request (maombi ya kuingiza mabadiliko) ndo hutazipata, hizo hazikai ndani ya git, na hiyo ndo iliniuma, miaka ya maswali ya watu na majibu yangu yote nyuma ya ukuta. Siku hizi kila Ijumaa napiga git clone --mirror na navuta issue kwa API naweka kwenye diski ya nje.

Yangu ilirudi siku ya 12 ya kazi. Mlalamikaji hakufungua kesi, hakujibu, hakuomba radhi.

Lakini forki hazikurudi nayo. Notisi ilitaja forki tatu kwa linki zake, na GitHub inahesabu kila forki kama repo inayojitegemea, mwenyewe ndo anapaswa kujaza. Niliwatafuta mmoja mmoja, nikawapa sentensi zangu sita na skrinishoti, nikawaeleza hiyo habari ya California waamue wenyewe. Dada wa Eldoret alijaza siku hiyohiyo, kaka wa Kampala wiki iliyofuata. Wa tatu nimemwandikia mara mbili hajajibu, forki yake mpaka leo imefungwa.