Kununua gari-nyumba jipya ukiwa mgeni Hispania: anza na kilo, kitanda baadaye

Mimi ni mtu wa Tanga, mke wangu ni wa Pemba, na wanetu wawili wamezaliwa hapa katika mkoa wa Alicante. Gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo chake ndani, Wahispania huliita autocaravana. Letu tulilinunua jipya kabisa, na tangu hapo nimezisindikiza familia tatu za watu wetu kwenye yadi za kuuzia magari na kwenye ofisi za serikali. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia kabla hawajatoa hata senti moja.

Hatua ya 1: Karatasi zako zitangulie karatasi za gari

Wageni wengi hudhani kuwa na NIE kunatosha. NIE ni namba ya utambulisho ya mgeni tu. Inakutambulisha kwa mamlaka ya kodi na benki, lakini haisemi unaishi wapi. Ili gari lisajiliwe kwa jina lako, idara ya trafiki (DGT) inataka ushahidi wa makazi, na ushahidi wa kawaida ni cheti cha padrón, yaani daftari la wakazi linalotunzwa na halmashauri ya mji wako. Omba cheti kipya siku za karibu na usajili, maana cha zamani hukataliwa. Ukiwa raia wa nchi iliyo nje ya Umoja wa Ulaya, kadi yako ya ukaaji, TIE, iwe hai.

Hapa kuna mtego unaowaumiza watu wetu hasa. Wenye nyumba wengi hawapendi mpangaji ajiandikishe padrón. Mwenye nyumba wetu wa kwanza alitukatalia mwaka mzima, nasi tukanyamaza kwa kutojua. Sheria haiko upande wake: halmashauri ina wajibu wa kumwandikisha kila anayeishi kweli katika mji huo, na pale karatasi za nyumba zinapokosekana inaweza kumtuma polisi wa mji kuja kuhakikisha kwamba unaishi hapo. Nenda dirishani ukaombe kwa maandishi, na uondoke na nakala iliyogongwa muhuri.

Hatua ya 2: Leseni

Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakuruhusu kuendesha kwa miezi 6 tangu upate ukaaji. Baada ya hapo haifai tena, na nchi zetu hazimo katika orodha ya zile zilizokubaliana na Hispania kubadilishana leseni bila mtihani. Utaanza upya. Mtihani wa nadharia una maswali 30, na unaruhusiwa kukosa 3 tu. Unaweza kuufanya kwa Kiingereza au Kifaransa kama Kihispania chako bado kizito. Kisha unafuata mtihani wa barabarani. Niliendesha daladala Tanga miaka minne, na bado nilihitaji masomo ya kutosha kuzoea mizunguko ya barabara za hapa.

Leseni ya daraja B inaishia kwenye gari la kilo 3,500. Zaidi ya hapo, hadi kilo 7,500, unahitaji C1. Iweke kichwani hiyo 3,500.

Hatua ya 3: Kilo

Nakuomba usome hatua hii mara mbili, kwa sababu wanunuzi hapa huumizwa na uzito kuliko bei.

Kila gari-nyumba lina namba mbili kwenye karatasi zake. MMA ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari likiwa na kila kitu na kila mtu. Masa en orden de marcha ni uzito wa gari likiwa tayari kwa safari: humo kuna dereva wa kilo 75, mafuta asilimia 90 ya tangi, na maji kwa kiasi anachojiamulia mtengenezaji. Hapo kwenye maji ndipo ujanja ulipo. Tangi linaweza kubeba lita 100, lakini mtengenezaji akahesabu lita 20 tu, na gari likaonekana jepesi kwenye kitabu cha matangazo. Isitoshe, sheria ya Ulaya inakubali uzito halisi utofautiane kwa asilimia 5 na ule ulioandikwa. Kwa gari la kilo 3,050 hiyo ni zaidi ya kilo 150 juu au chini.

Fanya hesabu mbele ya muuzaji, kwa kalamu. Ya kwetu ilikuwa hivi. MMA 3,500, uzito tayari 3,050, zikabaki 450. Abiria watatu kwa kilo 75 kila mmoja ni 225, zikabaki 225. Turubai la kivuli la pembeni kilo 30, betri ya pili 25, sola 15, kibebeo cha baiskeli 15 na baiskeli mbili za umeme 50: jumla 135. Zikabaki 90. Meza na viti vya nje 20, mtungi wa pili wa gesi 25, zikabaki 45. Sasa jaza maji: lita 80 zaidi ya zile zilizohesabiwa kiwandani. Umeshazidi kilo 35, na hujapakia nguo, sufuria wala kilo moja ya mchele.

Hesabu hiyo sikuifanya kabla ya kununua. Muuzaji alituambia gari ni la watu wanne kwa sababu lina mikanda minne, nasi tukamwamini. Wiki ya pili tulilipeleka kwenye mizani ya mji likiwa limepakiwa kwa safari, na kijana wa mizani akatuonyesha 3,590. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya malori pale Vigwaza anajua maana ya kuzidi kwenye mizani. Barabarani unatozwa faini na unaweza kuzuiwa kuendelea. Ajali ikitokea, kampuni ya bima inapata sababu ya kubishana nawe.

Sheria inamlazimisha mtengenezaji akuachie nafasi ndogo sana ya mizigo: idadi ya watu jumlisha urefu wa gari kwa mita, kisha zidisha kwa 10. Gari la watu wanne lenye mita 7.4 linatakiwa kukuachia kilo 114 tu baada ya abiria. Kwa hiyo muuzaji akikwambia gari linatimiza sheria, anasema kweli, na bado halikufai.

Yapo magari hayohayo yanayosajiliwa kwa MMA kubwa zaidi. Mzigo unapata nafasi, ila unahitaji leseni ya C1, na kwenye barabara kuu mwendo wako wa juu unashuka kutoka kilomita 120 kwa saa hadi 90.

Hatua ya 4: Umbo

Perfilada ina pua ya gari la mizigo na mwili ulioinama mbele. Capuchina ina kitanda juu ya kichwa cha dereva, na watoto huipenda mno. Integral ina uso mpana kama basi, na ndiyo ghali. Camper ni gari la mizigo lililogeuzwa ndani. Wenye familia nawashauri capuchina fupi, hata kama upepo wa pembeni huisukuma. Ila kwanza jiulize utaliegesha wapi: maegesho mengi ya chini ya majengo hayapitishi gari refu kwenda juu hivi.

Kama una nafasi, nenda kwenye maonyesho ya Barcelona yanayofanyika kila Oktoba. Utaingia magari mengi kwa siku moja na kulala kwenye kila kitanda. Lala kweli, na viatu uvue.

Hatua ya 5: Bei yote, siyo bei ya kioo

Bei iliyobandikwa kwenye kioo haina maana mpaka ujue kodi zipi zimo ndani. Zipo mbili kubwa. IVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ni asilimia 21. Ya pili ni kodi ya usajili, inayopanda kulingana na moshi: chini ya gramu 120 za kaboni kwa kilomita hulipi kitu, kuanzia gramu 200 unalipa asilimia 14.75, na serikali ya jimbo lako inaweza kupandisha kiwango hicho. Magari-nyumba mengi ya dizeli yanaangukia ngazi hiyo ya juu. Nafuu ni kwamba kwa gari lililotengenezwa kuwa makazi, thamani inayotozwa kodi ya usajili hupunguzwa asilimia 30.

Mfano: gari la euro 60,000 bila kodi. IVA ni 12,600. Kwa kodi ya usajili unachukua asilimia 70 ya 60,000, yaani 42,000, unaitoza asilimia 14.75, unapata 6,195. Jumla 78,795. Dai mchanganuo huu kwa maandishi, mstari kwa mstari. Niliyemsindikiza mwaka jana aligundua kwa njia hiyo kwamba yadi ilikuwa imesahau ile asilimia 30.

Familia inayotambuliwa rasmi kuwa kubwa, kwa kawaida yenye watoto watatu au zaidi, ina punguzo lake la kodi ya usajili. Masharti ni kwamba gari liwe na viti vitano hadi tisa, na uombe kabla ya usajili.

Wapo wanaotaka kununua Ujerumani. Inawezekana, lakini gari lenye umri usiozidi miezi 6 au lililotembea kilomita zisizozidi 6,000 kwa sheria ya kodi ni jipya, kwa hiyo IVA unailipa Hispania. Juu yake kuna cheti cha ulinganifu cha mtengenezaji, ukaguzi wa lazima wa gari, ITV, na kodi ya usajili. Kwa ununuzi wa kwanza, mimi ningenunua hapa, karibu na fundi atakayenipokea gari likivuja.

Hatua ya 6: Arbuni na mkataba

Gari jipya mara nyingi huagizwa kiwandani na kusubiriwa miezi. Kabla hujatoa arbuni hakikisha mkataba umeandika mambo haya: modeli na mwaka wake, kila kifaa cha ziada, uzito tayari pamoja na vifaa hivyo, tarehe ya kukabidhiwa, na sentensi inayosema bei haitapanda kabla ya siku hiyo. Andikeni pia arbuni ni ya aina gani. Ikitajwa kuwa arras penitenciales, wewe ukijitoa unaipoteza, na muuzaji akijitoa anakurudishia mara mbili. Pasipo maneno hayo utabaki kubishana.

Turubai na ndoano ya kuvuta tela vifungwe yadi, vikiwa vimeandikwa kwenye karatasi za gari. Ukivifunga baadaye utalazimika kuvihalalisha ITV kwa gharama yako.

Malipo yapitie benki. Kwa ununuzi wa euro 1,000 au zaidi kutoka kwa mfanyabiashara, sheria haikubali taslimu hata kwa sehemu. Fedha zikitoka nyumbani, benki itauliza asili yake. Sisi tulikuwa tumeuza kiwanja Tanga, tukapeleka mkataba wa mauzo pamoja na tafsiri yake, na fedha zikakaa wiki tatu kabla hazijafunguliwa. Zihamishe mapema.

Hatua ya 7: Usajili na bima

Kazi hii mwachie gestor, wakala wa karatasi za serikali. Yadi nyingi wana wa kwao, ila una haki ya kumchagua wako. Mwisho wake unapata permiso de circulación, ambayo ni kama kadi ya gari kwetu, na ficha técnica yenye uzito na vipimo vyote. Kodi ya barabara hulipwa kwa halmashauri kila mwaka. Ukaguzi wa kwanza wa ITV ni gari likifikisha miaka 4.

Kwa gari jipya chukua bima kubwa. Uliza mambo mawili: vitu vya ndani vinafidiwa hadi kiasi gani, na lori la kuvuta wanalolituma linaweza kubeba gari la urefu na uzito wako?

Hatua ya 8: Siku ya kukabidhiwa

Tenga nusu siku, uende asubuhi. Linganisha namba ya chasisi na karatasi. Dai tangi la maji lijazwe, kisha fungua kila bomba na upapase chini ya sinki kwa mkono mkavu. Jokofu lijaribiwe kwa gesi na kwa umeme wa nje. Washa hita ya maji unawe mikono. Omba bomba la kumwagilia, limwage juu ya paa na kwenye madirisha huku mwenzako akiwa ndani na tochi. Kasoro yoyote iandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla hujaweka saini.

Dhamana ya kisheria ya kitu kipya ni miaka 3. Dhamana ya kutovuja ya mtengenezaji ni nyingine, na huwa na sharti la ukaguzi wa kila mwaka. Ukikosa mwaka mmoja unaweza kuipoteza.

Hatua ya 9: Usiku wa kwanza, na mizani

Kwa sheria ya trafiki unaweza kuegesha na kulala ndani popote gari la kawaida linaporuhusiwa kuegesha, mradi magurudumu tu ndiyo yanayogusa ardhi, hujamwaga maji, hujafungua turubai wala kutoa viti. Ukitoa kiti kimoja umepiga kambi, na hiyo ina sheria za halmashauri na jimbo. Ufukweni ndiko faini zinakotoka kwa wingi.

Kabla ya safari hiyo, pakia kila kitu, waite watoto wapande, nendeni kwenye mizani ya mji. Sisi tulipunguza maji kwa lita 70, tukaziuza baiskeli za umeme, tukatoa vyombo vya kilo 30 ambavyo hatukuwa tukivitumia. Sasa mizani inasoma 3,440.